Rubani Anaporudia Maneno ya Mnara, Si Kwamba Hajasikia

Kila kinaposambaa kipande cha mazungumzo ya redio kati ya rubani na mnara wa kuongozea ndege kwenye makundi ya WhatsApp, maoni huwa yale yale: rubani kiziwi huyo, mwongoza ndege hana adabu, na kwa nini wasiongee Kiswahili wakaelewana? Anayeuliza ni abiria na roho ni yake, kwa hiyo sisi wa usafiri wa anga hatumlaumu. Ila huko kurudia maneno anakokucheka ndiko kunakomfikisha salama.

Kibali, yaani ruhusa ya mnara kwa rubani, hakihesabiki kuwa kimefika mpaka rubani akirudie, na mwongoza ndege asikilize anavyokirudia. Hatua ya mwisho ndiyo huponyoka mara nyingi, kwani mwongoza ndege keshahamia kwa ndege inayofuata, au sikio limesikia lilichotarajia. Yanayorudiwa kwa lazima ni kibali cha njia ya safari. Ruhusa ya kuingia, kuvuka, kutua, kuruka au kusubiri nje ya barabara ya kuruka na kutua. Namba ya barabara inayotumika. Kipimo cha mgandamizo wa hewa. Namba ya utambulisho ya rada. Kimo, uelekeo na kasi. Taarifa ya upepo haimo. Marudio hufungwa kwa jina la ndege, na asiyelitaja ataulizwa tena, hata kama nyuma yake kuna ndege tano zinangoja zamu ya kuongea.

Tazama tarehe 19 Februari 1989, karibu na Kuala Lumpur. Boeing 747 ya mizigo ya Flying Tiger iliambiwa kwa Kiingereza ishuke "two four zero zero", yaani futi 2,400. Tatizo, "two" (mbili) na "to" (hadi) hutamkwa sawa. Marubani wakaelewa "hadi 400", wakajibu "okay, four zero zero", na hakuna aliyewasahihisha. Ndege ikagonga kilima, wote wanne wakafa. Ndiyo maana kimo cha aina hiyo hutajwa kwa maelfu na mamia, "elfu mbili mia nne", na neno futi hufuata. Ndiyo maana pia tisa ("nine") huwa "naina" na tano ("five") huwa "faifu": kwenye redio yenye mikwaruzo, matamshi ya kawaida ya tarakimu hizo hukaribiana mno.

Sasa "roja". Mtaani, na kwa walinzi wenye redio za mkononi, roja imekuwa ndiyo, sawa, nimekubali, nakuja. Kwenye masafa ya ndege ina maana moja tu: nimepokea ujumbe wako wote. Haisemi nimekubali wala nitatekeleza. Rubani anayejibu "roja" baada ya kuambiwa asubiri nje ya barabara hajajibu kitu.

Neno lenye ulinzi mkali kuliko yote ni "take-off", yaani kuruka. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, Hispania, katika ukungu, rubani wa ndege ya KLM ya Uholanzi alipewa kibali cha njia ya safari, siyo cha kuruka. Akarudia, kisha ikaongezwa kauli iliyomaanisha "sasa tuko kwenye kuruka". Mnara ukaelewa kwamba amejipanga anasubiri, ukamwambia angoje. Sekunde hizo hizo ndege ya Pan Am ya Marekani ikabonyeza kitufe kusema bado iko kwenye barabara hiyo hiyo. Redio za ndege ziko hivyo: wawili wakiongea pamoja kwenye masafa mamoja, msikilizaji hupata mluzi. Ndege hizo mbili zikagongana, wakafa watu 583. Leo neno hilo hutamkwa tu wakati wa kutoa ruhusa yenyewe ya kuruka au kuifuta. Kwingine kote husemwa "departure", yaani kuondoka. Na kabla ya kubonyeza kitufe, sikiliza kwanza. Ukiongea, usizidi maneno 100 kwa dakika.

Hata hivyo kurudia hupima sikio tu. Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024, ndege ya walinzi wa pwani iliambiwa ni namba moja, yaani ya kwanza kwenye foleni ya kuruka, na iende mpaka kituo cha kusubiri C5. Ikarudia sawasawa, kisha ikaingia barabarani mbele ya ndege ya abiria iliyokuwa ikitua, zikagongana. Watu watano kati ya sita wa ndege ya walinzi wa pwani walikufa. Watu 379 wa ndege kubwa walitoka wote.

Kuhusu Kiswahili: kanuni za kimataifa zinaruhusu lugha ya kituo cha ardhini au Kiingereza, na Kiingereza lazima kiwepo kwa ndege yoyote ya kimataifa itakayokihitaji. Mkiongea wawili kwa Kiswahili, rubani wa tatu kutoka Doha hajui kwamba mmepewa barabara anayokaribia kutua. Kiingereza cha rubani na cha mwongoza ndege tunakipima kwa kiwango cha 1 hadi 6, na cha chini kinachokubalika ni 4. Mwenye 4 hupimwa upya kila baada ya miaka 3, mwenye 5 kila baada ya miaka 6. Akishindwa, haongozi wala harushi safari za kimataifa mpaka afaulu, hata akiwa na uzoefu wa miaka 20. Lafudhi ya nyumbani si kosa mpaka imzuie msikilizaji kuelewa. Tafadhali tusirudishiane barua kuhusu hilo.

Kuongea kwenye masafa ya ndege, 118 hadi 137 MHz, bila leseni ni kosa la kisheria hata kama ni utani, na utani huo unaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Mwenye malalamiko ayalete mapema, kwani kanuni inataka rekodi za sauti zitunzwe kwa angalau siku 30. Atuandikie tarehe, masafa na saa, na hapo pa saa ndipo wengi hukosea. Rekodi huandikwa kwa saa za dunia (UTC), zilizo nyuma ya za kwetu kwa saa tatu. Kipande kilichoandikwa 0510 si cha saa kumi na moja alfajiri, ni cha saa mbili na dakika kumi asubuhi.