Kutegemeka kwa rolakosta si usalama wake

Tangu Kingda Ka, rolakosta (treni ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi) ya Marekani, ilipoangushwa kwa baruti Februari 28, 2025, kuna kauli moja inayorudiwa kila rolakosta zinapotajwa: waliibomoa kwa sababu ilikuwa hatari, si unaona ilivyokuwa inagoma kila mara. Kwamba ilikuwa inagoma ni kweli. Kwamba kugoma ndiyo hatari, hapana. Kinachozungumzwa hapo ni kutegemeka, na watu wanakichanganya na usalama.

Kutegemeka kwa mtambo ni uwezo wake wa kufanya kazi iliyopangwa, kwa muda uliopangwa, bila kugoma. Hupimwa kwa wastani wa muda unaopita kati ya hitilafu moja na nyingine. Rolakosta iliyopangiwa dakika 600 kwa siku ikigoma mara 3, dakika 20 kila mara, imefanya kazi dakika 540, na wastani wake ni dakika 180. Ikigoma mara 1 tu lakini kwa dakika 60, mgeni ameipata kwa kiasi kilekile, asilimia 90 ya siku, ila imetegemeka zaidi. Maana yenyewe inaishia hapo, na haimgusi mtu aliyeumia hata kidogo.

Usalama una swali lake: hitilafu ikishatokea, abiria anapatwa na nini? Basi linalokataa kuwaka stendi alfajiri halitegemeki. Basi linalokatika breki kwenye mteremko wa Kitonga si salama, hata kama halijawahi kukataa kuwaka.

Sasa tuitazame Kingda Ka yenyewe. Ilifunguliwa Mei 2005 katika bustani ya burudani ya Six Flags Great Adventure, New Jersey, Marekani, ikiwa na kimo cha mita 139. Treni ilirushwa kutoka kusimama hadi kilomita 206 kwa saa ndani ya sekunde 3.5. Kazi hiyo ilifanywa na haidroliki: pampu zinasukuma mafuta kwenye matangi, mafuta yanaibana gesi ya naitrojeni, kisha vali zinafunguka na gesi inayasukuma mafuta kwa nguvu kupita kwenye mota zinazozungusha winchi kubwa. Winchi inavuta kebo ya chuma, kebo inavuta kigari kinachokimbia kwenye mfereji katikati ya reli, na kigari kimeishika treni kwa chini. Treni ikishafika kasi yake, kigari kinabaki nyuma, kinafungwa breki na kurudishwa mwanzo kusubiri treni inayofuata.

Hesabu ni vitu vingapi vinasogea na kusuguana hapo. Pampu, vali, mihuri ya mafuta, mota, winchi, kebo, kigari. Kebo inachakaa na ina umri wake wa kubadilishwa. Mihuri ikivuja, shinikizo linashuka. Tena vitu hivi vimepangwa kama mnyororo: kimoja kikikataa, treni haiondoki, kwa kuwa hakuna njia ya pili ya kuirusha. Juni 2005, ikiwa haijatimiza hata mwezi, bolti ilikatika ndani ya mfereji wa kebo, bitana ya mfereji ikalegea, kebo ikasuguliwa ikaharibika. Ilifungwa hadi Agosti. Huko ndiko kutotegemeka, na mtambo ulizaliwa nako.

Linaloudhi zaidi ni treni kurudi nyuma. Video zake zimejaa mtandaoni: treni inapanda mnara, inapungukiwa kasi karibu na kilele, inasita, kisha inashuka kinyumenyume kule ilikotoka. Maelezo chini yake siku zote ni kwamba breki zimekatika au watu wamenusurika kifo. Fanya hesabu kidogo. Kupanda mita 139, bila msuguano wala upepo, kunahitaji kasi ya takriban kilomita 188 kwa saa. Treni ilipewa 206. Akiba hiyo ya kilomita 18 ndiyo inayolipia upepo wa mbele, msuguano wa magurudumu na ubaridi unaofanya grisi iwe nzito. Siku mbaya akiba haitoshi, treni inarudi. Wasanifu walilijua hilo kabla hawajachora mnara, ndiyo maana kwenye njia ya kurushia kuna bapa za breki zinazolala treni inaporushwa na kuinuka mara inapopita. Treni ikirudi inazikuta zimesimama. Breki hizo ni za sumaku: mwendo wenyewe wa treni ndio unaozalisha nguvu ya kuipunguza kasi, kwa hiyo umeme ukikatika nchi nzima bado zinafanya kazi. Halafu treni inapangwa tena na kurushwa upya. Kwa kipimo cha kutegemeka, safari hiyo imeshindikana. Kwa kipimo cha usalama, kila kitu kimekwenda kama kilivyokusudiwa.

Tena mara nyingi usalama ndio unaokula kutegemeka. Reli hugawanywa vipande, na kila kipande kinaruhusiwa treni moja tu. Vihisi vinaiambia kompyuta treni iko wapi, na sehemu nyeti huwekewa zaidi ya kimoja. Viwili visipokubaliana, kompyuta haichagui wa kumwamini: inasimamisha mtambo, fundi anakwenda kukagua, anathibitisha, ndipo kazi inaendelea. Kihisi chenye maji ya mvua kinatosha kuufunga mtambo mzima. Ukiongeza vihisi unapata mtambo salama zaidi unaosimama mara nyingi zaidi.

Kinyume chake pia kipo. Do-Dodonpa ya Fuji-Q Highland, Japani, ilirushwa kwa hewa iliyobanwa na kufika kilomita 180 kwa saa ndani ya sekunde 1.56. Mwaka 2021 ilisimamishwa baada ya abiria kadhaa kuripoti kuvunjika mifupa, na haikurudi tena. Treni zilizowabeba hazikugoma; ziliondoka na kufika.

Kuhusu mustakabali, tasnia imeshaamua. Haidroliki imeachwa, zimekuja sumaku za umeme zilizopangwa kando ya reli, zinazoisukuma treni bila kuigusa. Hakuna kebo, hakuna mafuta. Red Force ya Ferrari Land, Hispania, yenye mita 112, inafanya hivyo tangu 2017. Lakini msiharakishe kusema tatizo limekwisha. Top Thrill Dragster ya Cedar Point, Ohio, dada mkubwa wa Kingda Ka tangu 2003, ilifungwa Agosti 2021 baada ya kipande cha chuma kutoka kwenye treni kumpiga mwanamke aliyekuwa kwenye foleni. Hilo lilikuwa suala la usalama hasa. Ilijengwa upya kwa sumaku kama Top Thrill 2, ikafunguliwa Mei 2024, na siku chache baadaye ikafungwa msimu wote. Wahandisi waliobadilisha namna ya kurusha walikuwa wameondoa ugonjwa mmoja, ila marekebisho yaliyohitajika safari hii yalikuwa kwenye magari ya treni. Ilirudi 2025. Kutegemeka ni kwa mtambo mzima, reli hadi gurudumu.

Kingda Ka iliondolewa, kwa tangazo la bustani yenyewe la Novemba 2024, ili kupisha rolakosta mpya ya kurushwa. Mtambo wenye mfumo ulioachwa, vipuri vya kuagiza na siku nyingi za kufungwa ni mzigo kwa mwenye bustani bila kuwa hatari kwa abiria.

Wasomaji walioko Ghuba wanao mfano mbele ya macho yao. Formula Rossa ya Ferrari World, Abu Dhabi, inayofika kilomita 240 kwa saa, ni ya haidroliki tangu ilipofunguliwa 2010. Ukiikuta imefungwa siku uliyokwenda na watoto, lalamika, una haki, tiketi umelipa. Sema tu kwamba leo haikutegemeka. Kama ni salama au si salama, ulizia breki zake na ukaguzi wake, maana lango lililofungwa halikuambii lolote kuhusu hilo.