Kanda Inapomuunga Mkono Mgombea: Uzito wa Idhini na Mipaka Yake

Tarehe 27 Oktoba 2023, Umoja wa Mabunge Duniani, IPU, ulikutana Luanda, Angola, kumchagua rais wake mpya. Wagombea walikuwa wanne, wote wanawake na wote Waafrika: Dkt. Tulia Ackson, wakati huo Spika wa Bunge la Tanzania na Mbunge wa Mbeya Mjini. Catherine Gotani Hara, naye wakati huo Spika wa Bunge la Malawi. Adji Diarra Mergane Kanouté wa Senegal. Na Marwa Abdibashir Hagi wa Somalia. Kati ya kura 303, Dkt. Tulia alipata 172 na kuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushika nafasi hiyo. Mbeya ilikuwa na kila haki ya kufurahi. Hata hivyo, ukivuka Mto Songwe pale Kasumulu unaingia katika nchi ambayo nayo ilikuwa na spika wake katika kinyang'anyiro hichohicho.

Swali linalofuata hapo, ambalo sisi tunaofundisha uhusiano wa kimataifa huku Nyanda za Juu Kusini hulisikia mara kwa mara, ni hili: ikiwa Tanzania na Malawi zote ni wanachama wa SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ilikuwaje majirani wawili wakagombea kiti kimoja, na kanda ilikuwa wapi? Jibu ni kwamba idhini ya kanda ni makubaliano ya kisiasa baina ya serikali, wala si amri, na nguvu yake hutegemea mambo ambayo mara nyingi huwa yamekwisha kuamuliwa kabla wapiga kura hawajaketi. Kwa Luanda kulikuwa na jambo la ziada. IPU ni chombo cha mabunge, si cha serikali. Kila bunge huwakilishwa na wajumbe wasiozidi watatu katika baraza linalomchagua rais, nao hupungua kuwa wawili ikiwa ujumbe wote ni wa jinsia moja. Kura ni ya siri. Hata marais wa kanda nzima wakikubaliana jina moja, mbunge wa upinzani aliyemo katika ujumbe wa nchi yake bado anaishika karatasi yake mwenyewe.

Katika mashirika ya serikali utaratibu ni mrefu zaidi. Nchi humteua mtu wake, kisha Wizara ya Mambo ya Nje hupeleka jina na wasifu wake kwenye sekretarieti ya kanda, iwe ya SADC iliyoko Gaborone au ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, ili lijadiliwe na mawaziri na hatimaye wakuu wa nchi. Ngazi ya bara inakamilishwa Addis Ababa, ambako Umoja wa Afrika una kamati ya mawaziri inayoshughulikia wagombea wa Afrika katika mfumo wa kimataifa. Kamati hiyo hupeleka mapendekezo kwa Baraza la Utendaji, yaani mawaziri wa mambo ya nje wa nchi wanachama, na azimio la baraza ndilo linalompa mgombea haki ya kujiita mgombea wa Afrika. Baada ya hapo kazi huhamia kwa mabalozi, na hapo ndipo biashara yenyewe ilipo: nchi hupeana kura kama majirani wa Rungwe wanaolimiana mashamba kwa zamu, kwa kuwa aliyekuja kwako mwaka huu anakutarajia kwake mwakani. Nchi inayoungwa mkono na kanda huanza na deni dogo, maana majirani zake wamekwisha kuahidi bila yeye kulazimika kuwalipa kwa kura ya mahali pengine.

Mfano bora wa idhini iliyofanya kazi ni wa Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus wa Ethiopia. Umoja wa Afrika ulimuidhinisha Januari 2016, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, na hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyosimamisha mtu. Tarehe 23 Mei 2017 alimshinda David Nabarro wa Uingereza kwa kura 133. Kwa maoni yangu, kilichomsaidia zaidi ni kalenda. Idhini iliyotolewa mapema huwakatisha tamaa waliokuwa wakifikiria kujaribu, ilhali ile inayotolewa wiki chache kabla ya kura hukuta kila mtu amekwisha kuahidi kwingine.

Haina maana kwamba bila jina moja Afrika hushindwa. Katika mchakato wa mwaka 2020 wa kumpata Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Biashara Duniani, bara lilikuwa na wagombea watatu, kutoka Nigeria, Kenya na Misri, na bado Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria aliteuliwa Februari 2021. Luanda nayo ni ushahidi wa aina hiyo, ingawa pale Afrika ingeshinda kwa vyovyote vile.

Udhaifu wa idhini huonekana pale ambapo aliyekosa hakubali. Mwaka 2019 mabalozi wa nchi za Umoja wa Afrika walipiga kura kuchagua nani agombee kiti cha Afrika katika Baraza la Usalama. Kenya ikapata 37 na Djibouti 13. Djibouti haikujitoa. Juni 2020, mjini New York, Kenya ilipata kura 113 katika duru ya kwanza, pungufu ya theluthi mbili zinazohitajika, na ilibidi irudi siku iliyofuata ili ishinde kwa 129 dhidi ya 62. Idhini ya bara ilisaidia, lakini haikuweza kumzuia jirani asigombee.

Kwa wafanyabiashara wa Tunduma, walioizoea Zambia kama mtaa wa pili, mfano wa Benki ya Maendeleo ya Afrika unaweza kuwa karibu zaidi. Kwa uchaguzi wa rais wa benki hiyo wa Mei 2025, SADC ilimuunga mkono Samuel Maimbo wa Zambia. Afrika Kusini, mwanachama wa SADC hiyohiyo, ikamsimamisha Swazi Tshabalala. Wote wawili walishindwa. Aliyeshinda, kwa zaidi ya asilimia 76, ni Sidi Ould Tah wa Mauritania. Si haki kuubebesha mgawanyiko huo lawama zote, kwa kuwa katika benki hiyo kura hupimwa kwa hisa na nchi zisizo za Afrika zinashika takriban asilimia 40. Lakini mgombea anayeomba kura Tokyo au Washington huku jirani yake anaomba kura hizohizo lazima aulizwe kwa nini kwao hawajakubaliana.

Kisha kuna tatizo letu wenyewe. Tanzania ni mwanachama wa SADC na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na katika mgawanyo wa kanda tano za Umoja wa Afrika imewekwa Mashariki. Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika alipotakiwa kutoka kanda hiyo, waliosalia hadi siku ya kura, tarehe 15 Februari 2025, ni Raila Odinga wa Kenya, Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti na Richard Randriamandato wa Madagascar. Madagascar nayo iko kanda ya Mashariki katika Umoja wa Afrika lakini ni mwanachama wa SADC, na siku chache kabla ya kura SADC iliwahimiza wanachama wake wampigie Randriamandato. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa amehudhuria uzinduzi wa kampeni ya Raila jijini Nairobi mwezi Agosti 2024. Tanzania ikajikuta na ahadi kwa mshirika wa Afrika Mashariki na wito wa kanda ya Kusini kwa wakati mmoja. Raila aliongoza duru ya kwanza. Youssouf akampita katika duru ya tatu, Randriamandato akatoka, na katika duru ya saba Youssouf akashinda kwa kura 33. Mwanachama wa jumuiya mbili hupata milango miwili ya kuombea kura, na kila mlango huja na madai yake. Binafsi naona faida imezidi hasara, ila ni faida inayotaka Wizara iamue mapema mgombea wake ataidhinishwa na nani.

Uchaguzi wa Mkurugenzi wa Kanda ya Afrika wa Shirika la Afya Duniani unaonyesha jambo hilo kwa upande wa ushindi. Agosti 2024, huko Brazzaville, Dkt. Faustine Ndugulile wa Tanzania alishinda ingawa Rwanda, mwenzetu wa Afrika Mashariki, nayo ilikuwa na mgombea. Alifariki Novemba mwaka huo kabla ya kuanza kazi. Katika uchaguzi wa marudio wa Mei 2025 Profesa Mohamed Janabi, naye wa Tanzania, alikuwa peke yake kutoka upande huu wa bara, na wapinzani wake watatu, kutoka Guinea, Togo na Côte d'Ivoire, wote walitoka Afrika Magharibi. Akashinda.

Zipo pia nafasi ambazo idhini haiwezi kuzifikia. Mwaka 1981 Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mtangulizi wa Umoja wa Afrika, ulikuwa nyuma ya Salim Ahmed Salim wa Tanzania kwa ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, lakini kura ya turufu ya Marekani ilimzuia kila duru, na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Nyingine hazipigiwi kura kabisa. Balozi Augustine Mahiga, mzaliwa wa Tosamaganga, Iringa, aliyeiwakilisha Tanzania New York ilipokuwa katika Baraza la Usalama mwaka 2005 na 2006, aliteuliwa mwaka 2010 na Katibu Mkuu kuwa mwakilishi wake maalumu kwa Somalia. Uamuzi wa namna hiyo ni wa Katibu Mkuu mwenyewe. Na kwa vijana wanaouliza kama wanahitaji barua ya SADC ili waombe kazi ya kawaida Umoja wa Mataifa, hawaihitaji: kazi hizo hutangazwa wazi na mtu huomba kwa jina lake, ingawa mpango wa wataalamu vijana hupokea tu raia wa nchi zilizoalikwa mwaka husika wenye umri usiozidi miaka 32.