Je, wajua kwa nini rili ya beitikasta inakufumia kiota cha kunguru?

Kama unakaa Mombasa ushaviona viota vya kunguru, si vijiti peke yake, mna waya, mna kamba, mna vipande vya henga, chochote alichookota jalalani anakiingiza humo na ukisema ukifumue utalia. Sasa mwaka juzi mtoto wa ami yangu alikuja likizo kutoka Marekani akaniletea rili, yaani kile chombo cha kuvulia kinachokunja na kuachia mshipi, si hizi tulizozoea, ni ile nyingine ambayo spuli yake (kile kigurudumu kinachozungushiwa mshipi) imelala kwa upana juu ya rodi, ile fito ya kuvulia, wenyewe huiita beitikasta, akaniambia kule ndo wanavulia besi (samaki huyo, si besi ya muziki). Mie nikaichukua mbio mbio mpaka Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, nikasimama kama bingwa, nikarusha kwa nguvu zangu zote. Chambo kikaenda hatua kama kumi hivi, kikapigwa breki hewani, kikarudi nyuma kama kimeitwa na mamake, na nikitazama kwenye spuli naona mshipi umekuwa kiota cha kunguru, kamili, kilibakia mayai tu.

Pembeni yangu kulikuwa na mzee amekaa juu ya jiwe na mshipi wake aliouzungushia chupa. Akakitazama kile kiota, akanitazama mie, akauliza, "Mwanangu, hicho ni cha kuvulia ama cha kufumia?"

Nilirudi nyumbani nimenuna lakini swali likanikaa. Chupa ya mzee haina breki, haina beringi (zile golori za kulainisha mzunguko), haina chochote, na mshipi wake unatoka sawasawa kila akirusha. Rili ya bei nafuu niliyokuwa nayo zamani, ile ya spining, pia haijawahi kunifanyia hivo. Kwani hii ya maana ina nini?

Hebu anza na chupa. Mzee anaishika mdomo wake ukitazama baharini, anazungusha chubwi, kile kizito cha mwisho wa mshipi, mara mbili tatu, anaachia, na mshipi unateleza kutoka kwenye chupa duara moja baada ya jingine. Chupa yenyewe imetulia tuli. Rili ya spining ni ile ile chupa ila imetiwa mashine, spuli yake haizunguki ukirusha, mshipi unachomokea mbele kwenye mdomo wa spuli. Chambo kikipunguza mwendo na mshipi nao unapunguza, basi, hakuna kitu kingine kinachokimbia.

Kwenye beitikasta spuli yenyewe ndo inazunguka. Chambo kikiruka kinavuta mshipi, mshipi unaizungusha spuli, na hapo fanya hesabu kidogo tu. Tuseme spuli yako ina kipenyo cha milimita 34, mzunguko mmoja unatoa kama sentimita 11 za mshipi. Chambo kikitoka na mwendo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, jambo ambalo mkono wa mtu wa kawaida unaliweza, spuli inabidi izunguke karibu mara 190 kwa sekunde moja. Hiyo ni zaidi ya mizunguko 11,000 kwa dakika! Injini ya gari dogo la petroli ikifika 6,000 ushaanza kuihurumia. Na spuli inaufikia mwendo huo kwa kufumba na kufumbua, kutoka kusimama kabisa.

Sasa tatizo lenyewe ndo hili. Chambo kikishatoka, hewa inaanza kukikaba, kila mita inayopita kinapungua mwendo. Spuli haikabwi na hewa kiasi hicho, na tena ina uzito wake na uzito wa mshipi wote uliobaki juu yake, kwa hivo inaendelea na mwendo ule wa mwanzo. Ni kama mkokoteni wa maji kwenye mteremko, hamali yuko mbele anapunguza mbio lakini mkokoteni haujui kama yeye amepunguza, unamjia tu mgongoni. Spuli inatoa mshipi mwingi kuliko chambo kinavyoweza kuubeba, ule wa ziada haupati pa kwenda, unafura juu ya spuli, unarudi kuzungushwa kinyume, unashika wa chini yake, na hapo kunguru kashajenga.

Na ukirusha upepo ukikujia usoni ndo balaa zaidi. Mie siku ile ilikuwa kusi inavuma vizuri na nilisimama nikaitazama bahari huku nimejaa imani. Upepo unakikaba chambo mara mbili, spuli haina habari. Sehemu nyingine inayofuma sana ni mwisho, chambo kinapogusa maji kinasimama ghafla, spuli bado iko mbioni, na kama hukuizuia wewe hakuna mwingine wa kuizuia.

Kitu kilichonifurahisha nilipoanza kusoma habari zake ni kwamba rili hizi ni kazi ya mafundi saa. Kule Kentucky, mwanzoni mwa miaka ya 1800, fundi saa mmoja kwa jina George Snyder ndo alitengeneza zile rili za gia ambazo ukizungusha mkono wa rili mara moja spuli inazunguka mara kadhaa. Baadaye huko Michigan akatokea William Shakespeare (si yule wa mashairi, huyu ni wa samaki, kampuni yake aliianzisha 1897) na rili yenye kile kijitundu kinachotembea kushoto kulia kupanga mshipi vizuri ukivuta. Na Wasweden wa kijiji cha Svängsta walianza na kiwanda cha saa mwaka 1921, wakaingia kwenye mita za teksi, Vita vya Pili vya Dunia vikaharibu soko la teksi wakageukia rili, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakatoa rili ya Ambassadeur ambayo mpaka leo watu wanaitafuta. Yaani ni saa iliyofungwa kwenye fito, halafu mie nikairusha kama natupa jiwe kwa mwembe wa jirani.

Breki zipo, ila mtoto wa ami hakunieleza. Ya kwanza ni kile kifundo kidogo upande wa mkono wa kuzungushia, hicho kinaibana spuli kwa pembeni. Funga chambo chako, bonyeza kitufe cha kuachia, ukiona kinashuka pole pole na kikigusa chini spuli inasimama yenyewe, uko sawa. Ukibadilisha chambo cha uzito mwingine unapima upya, wengi wanasahau hapa, nami nimo.

Upande wa pili wa rili ndo kuna breki zenyewe na ziko za aina mbili kubwa. Moja ina vipande vidogo vya plastiki ndani, spuli ikizunguka kwa kasi vinarushwa nje vinakwaruza ukuta wa duara, kwa hivo zinabana sana mwanzo wa mrusho na zinalegea kadri spuli inavyopoa. Nyingine ni ya sumaku, na hii ndo ya ajabu, manake spuli ni ya alumini na alumini haishikwi na sumaku, jaribu na sufuria yako ya alumini uone. Lakini alumini ikizunguka kwa kasi karibu na sumaku, ndani yake kunazaliwa vijimkondo vya umeme, na hivyo vinatengeneza usumaku wao wenyewe unaopingana na ule mwendo. Hakuna kinachogusana na bado spuli inakabwa, ikienda kasi inakabwa zaidi, ikisimama hakuna kitu. Siku hizi kuna na rili zenye kompyuta ndogo ndani inayopima mwendo wa spuli na kuamua breki ya kutia, na umeme wake inajitengenezea yenyewe kutokana na ile spuli kuzunguka, hamna betri. Ukiirusha inalia kama mbu.

Kwa mtu anayeanza, funga breki karibu zote, usione haya, utarusha karibu lakini utavua badala ya kufumua. Kisha kila siku unalegeza kidogo. Breki ya mwisho ni gumba lako, hiyo hakuna fundi saa aliyewahi kuishinda, unaliweka kwa wepesi juu ya spuli mrusho mzima, unaupapasa mshipi tu, na kabla chambo hakijagusa maji unabana.

Utaniuliza, kwa nini mtu ajitie kwenye shida hii yote wakati chupa ipo? Jibu liko kwa besi mwenyewe. Huyu ni samaki wa maji baridi, hapa baharini hayuko, kwetu Kenya wa karibu utampata Naivasha alikoletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Si samaki wa kukimbiza, ni mviziaji, anajificha chini ya mafunjo au ubavuni mwa gogo, kitu kikipita mbele ya mdomo anakiramba. Kwa hivo chambo lazima kitue pale pale, hatua moja kando hakitazami. Gumba juu ya spuli linakuwezesha kukisimamisha chambo hewani mahali unapotaka, na akishashika inabidi umng'oe kwenye majani haraka kabla hajajifunga humo, na beitikasta inabeba mshipi mnene na kuvuta kwa nguvu. Mkubwa zaidi aliyeandikwa ni wa kilo 10 na ushei, alivuliwa Georgia 1932, mwingine wa uzito huo huo akavuliwa Japani 2009, lakini wa kawaida ni wa kilo moja mbili tu. Sisi hapa tuna mikoko. Tewa anakaa kwenye mizizi vile vile, kolekole anapita ukingoni mwa mkondo, na mie hii rili nimeishia kuitumia kwenye hori za Tudor na Mtwapa, kazi ni ile ile ila ukirudi nyumbani uioshe kwa maji ya bomba, chumvi ikiingia kwenye beringi umekwisha.

Kuhusu rodi, usichukue ya spining ukaifunga hii. Rodi ya beitikasta ina kile kipembe chini cha kushikia kidole, na vipete vyake vinakaa juu, mshipi unapita mgongoni mwa rodi. Futi 7 ni urefu mzuri wa kuanzia. Karibu na mkono pameandikwa uzito wa chambo inachobeba, pasome, manake hapo ndo watu wengi wanapotezea pesa. Chambo chepesi sana hakina nguvu ya kuizungusha spuli, chini ya gramu 7 tumia spining tu usijitese, mie nilijifunzia ya gramu 14 na hiyo ndo ningekushauri. Rodi inayopinda nchani tu ni ya ndoana moja nene, unapiga nayo inazama mara moja. Ile inayopinda mpaka katikati ni ya vile visamaki vya bandia vyenye ndoana za meno matatu, ikiwa ngumu utamchana mdomo aondoke zake. Gia ya 6.3 kwa 1 inatosha kazi nyingi, maana yake spuli inazunguka mara 6.3 kila ukizungusha mkono mara moja. Na uangalie mkono uko upande gani kabla ya kulipa, kuna za kushoto na za kulia na hazigeuzwi kama za spining.

Mshipi wa kuanzia uwe nailoni ya kawaida ya kilo 5 mpaka 7 hivi. Ile ya kusukwa ni nzuri na ina nguvu lakini ikifanya kiota inazama ndani yake yenyewe, na tena ukiifunga moja kwa moja juu ya spuli tupu inateleza, inataka nailoni kidogo chini yake. Usiijaze spuli mpaka mdomoni, acha milimita 3, na wakati wa kujifunza hata nusu inatosha, spuli ikiwa nyepesi haina mbio za kukufanyia ujeuri.

Na kiota kikishatokea, usivute. Nilivuta siku ile ndo nikakifunga zaidi. Bana gumba kwa nguvu juu ya kile kiota, zungusha mkono wa rili mara moja au mbili huku umebana hivo hivo, kisha achia spuli uuvute mshipi taratibu. Mara nyingi yale mapindo yanakuwa yamelazwa na yanatoka. Ukikwama tena bana, zungusha, vuta. Nilipomwonyesha yule mzee akaniomba ajaribu kurusha, nikampa, akafuma kiota kikubwa kuliko changu, akanirudishia bila neno akachukua chupa yake. Ukirudia mara tatu na bado kimeng'ang'ana, kata. Mie mkasi nautembeza mfukoni.