Polisi Anapohama Huduma: Faili Hutangulia, Mtu Hufuata

Maswali yanayonifikia ni yaleyale, hubadilika muulizaji tu. Konstebo wa AP, yaani polisi wa utawala, aliyeko Jomvu hapa Mombasa ataka kwenda DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Koplo wa Makupa amesikia kwamba walinzi wa pwani wanachukua watu. Sajini mmoja ana mke muuguzi Uingereza, makaratasi yake ya kuishi huko yameshatoka, na sasa auliza kama miaka yake ya kazi itahesabiwa akiomba upolisi kule. Kwa kuwa nilikaa miaka mingi katika rejista ya wafanyakazi wa polisi hapa Pwani, nikipokea mafaili ya wanaokuja na kufunga ya wanaoondoka, watu hudhani nina njia ya panya. Sina. Ninalolijua ni kwamba popote afisa aendapo, wenyeji wake humsoma kabla ya kumwona, na wanachosoma ni faili lake.

Kwanza tutenganishe mambo, maana yote tunayaita transfa. Ukitolewa Nyali ukapelekwa Lodwar, hujahama huduma. Umehamishwa kituo. Signali, yaani amri ya uhamisho, imeingia, jina lako limo, funga virago. Faili lako litakufuata lenyewe, hata kama litachelewa njiani, na nambari yako ya utumishi ni ileile. Huombi kazi, hupimwi upya, hakuna anayekuuliza kwa nini wataka kuwa polisi.

Kuhama kutoka AP hadi polisi wa kawaida, au kutoka kituoni hadi DCI, ni jambo la katikati. Katiba ya 2010, kifungu cha 243, inasema kuna Huduma ya Taifa ya Polisi moja, na ndani yake mna Huduma ya Polisi ya Kenya na Huduma ya Polisi ya Utawala. Wapelelezi wa DCI nao wako chini ya Inspekta Jenerali huyohuyo. Kwa hiyo mwajiri wako habadiliki, lakini kazi inabadilika na wakubwa wanabadilika. Kifungu cha 246 kikaipa Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi usemi juu ya kuajiri, kupandisha vyeo na uhamisho. Tume na Inspekta Jenerali wamevutana sana juu ya nani mwenye kalamu ya mwisho, na fahali wawili wakipigana mwajua ziumiazo ni nini. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: barua yako ipitie kwa mkuu wako wa kituo, ipigwe mhuri, na nakala ubaki nayo. Barua iliyorukia Nairobi moja kwa moja hurudishwa ikaanzie chini, na safari hiyo ya kurudi yaweza kula mwaka.

Aina ya tatu ni kwenda nchi ya watu. Huko hakuna signali. Huko ni kuomba kazi. Nitaifikia.

Mfano mkubwa wa kuhama huduma tulioushuhudia nchini ni wa 2018. Septemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango uliowatoa AP zaidi ya 24,000 na kuwatia katika polisi wa kawaida. Waliobaki AP walipewa mipaka, ulinzi wa majengo na mitambo muhimu, na wizi wa mifugo. Sare mpya ya buluu ikatoka. Mahali palipokuwa na makamanda wawili, wa polisi na wa AP, akabaki mmoja. Kwenye makaratasi mambo yalikwenda: cheo kilihama, mshahara ulihama, miaka ya utumishi ilihama. Scotland walifanya jambo la kukaribiana na hilo Aprili 2013 walipoviunganisha vikosi 8 vikawa Polisi ya Scotland, na huko pia sitashangaa kusikia kwamba makaratasi yalitangulia watu.

Taabu ilikuwa kaunta. AP wa zamani alikuwa mtu wa utawala. Kambi yake iko kwa chifu, alilinda, alisindikiza, alikamata, na aliyemkamata alimkabidhi kituo cha polisi. Kwa sehemu kubwa kazi yake iliishia hapo. Sasa mtu huyohuyo, ana miaka 14 kazini, anasimama nyuma ya meza ya ripoti. Anatakiwa afungue OB, kitabu cha matukio cha kituo, aandike taarifa ya mlalamishi, atunze vielelezo, ajue shtaka gani linasimama na lipi litaanguka, na ahakikishe mshukiwa amefika mahakamani ndani ya saa 24. Pembeni yake ameketi konstebo wa juzi kutoka chuo cha polisi cha Kiganjo anayeyafanya hayo bila kufikiri. Nani mzoefu hapo?

Na hata anayeijua kaunta kama kiganja cha mkono wake, Mombasa ina mambo yake. Tuseme mvuvi wa Mtongwe amekuja kuripoti wizi wa mashine ya boti. Asema aliiacha boti mchangani maji yalipokupwa, akaenda kulala, alipoamka maji yamejaa na mashine hakuna. Afisa mgeni ataandika, "aliiacha jioni, akakuta imeibwa asubuhi," kisha atampa nambari ya OB. Afisa aliyezoea bahari atauliza kwanza mwezi wa angani ulikuwa wa siku ngapi. Kama ni bamvua, siku za maji makubwa, tofauti ya maji ya kupwa na ya kujaa hapa kwetu hupita mita 3, na boti iliyolala mchangani maji matupu huwa mbali na chelezo. Mwizi amekuja kwa miguu, basi kabeba chuma kizito masafa marefu, pengine na mwenziwe, na kuna nyayo zilizofutika maji yalipopanda. Au alingoja maji yarudi akaja kwa mtumbwi, basi kuna mtu aliyemwona akipiga kafi. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6, kwa hiyo usiku mzima wa mashaka unapungua ukawa saa chache za kuulizia. Afisa aliyetoka Laikipia si mjinga; mpe nyayo za ng'ombe walioibwa atakwambia walipita lini na walikuwa wangapi. Lakini ujuzi wake huo haukuandikwa katika faili, na hata ungeandikwa, Mtongwe haumsaidii kitu. Atahitaji mwenyeji wa kumfundisha, na wakubwa wenye akili humpanga zamu moja na huyo mwenyeji miezi ya mwanzo. Wasio nayo humpanga peke yake usiku.

Turudi kwenye faili. Ndani yake mna fomu ya kuajiriwa, vyeti, kozi ulizohudhuria, ripoti za utendaji, barua za onyo, mashauri ya nidhamu na hatima yake, likizo, na matamko ya mali ambayo sheria inataka uyajaze kila baada ya miaka 2. DCI wakitafuta watu wa kuwapeleka kozi, hawakujui wewe. Wanaangalia kama kuna dalili umewahi kupeleleza kitu kikasimama mahakamani. Wengi wamewahi, lakini hakuna karatasi. Kozi ulifanya, cheti uko nacho chini ya godoro. Kipeleke kikawekwe.

La pili ni majina, na hili hutusumbua watu wa Pwani kuliko wengine. Cheti cha shule kasema Athman, kitambulisho kimeandikwa Athumani, benki inamjua kwa jina la Othman, na la babu limo katika karatasi moja kati ya hizo tatu. Ukiwa kituo kilekile miaka yote hakuna anayeshtuka. Siku ya kuhama, mtu wa Nairobi asiyekujua anakuta watu watatu katika faili moja. Kamwone wakili ule kiapo mapema, kabla ya kuomba chochote.

La tatu si karatasi ya kituoni hata kidogo. Tume ilipoanza kuwakagua maafisa mwishoni mwa 2013, ikaanza na wakubwa ikishuka chini, na ilipofika kwa watu wa trafiki taarifa za M-Pesa ziliwekwa mezani. Maafisa waliulizwa pesa hizi zatoka wapi na mbona zatumwa kwa mkubwa wako kila wiki. Tangu hapo simu yako ni sehemu ya faili lako, upende usipende.

Sasa wa ng'ambo. Sajini wangu aliniuliza, "Mzee, si upolisi ni upolisi?" Nikamwambia, mwanangu, hata Mwingereza kwa Mwingereza mwenziwe si hivyo. England na Wales wana vikosi 43 vya maeneo, kila kimoja na mkuu wake. Polisi wa kikosi kimoja akitaka kwenda kingine huomba, huhojiwa, na hukaguliwa upya kana kwamba hawakumjua. Akikubaliwa, miaka yake haipotei na kwa kawaida harudii majaribio ya miaka 2 ya konstebo mpya. Afisa wa Kenya hayumo katika mlango huo. Yeye huingia na wanaoanza: awe na haki ya kuishi kule isiyo na masharti, awe amekaa nchini humo muda wa kutosha, kwa kawaida miaka 3, ili maisha yake yaweze kukaguliwa, kisha aanze konstebo. Usajini wake ataueleza katika mahojiano na utamfaa hapo, ila hautashonwa begani. Kanada vilevile, polisi wa kitaifa wao, RCMP, huwapeleka waajiriwa wapya Regina kwa wiki 26, na njia fupi waliyo nayo imewekewa waliokuwa polisi humohumo Kanada. Na waliokwenda Haiti kuanzia Juni 2024 wasichanganywe humu. Wale walitumwa, na walibaki polisi wa Kenya.

Wengine huona ukaguzi huo ni dharau. Mimi siuoni hivyo, na sababu ziko wazi kwa anayefuata habari. Wayne Couzens alikuwa polisi wa kulinda vinu vya nyuklia kuanzia 2011, akahamia polisi ya London Septemba 2018, na Machi 2021 akamteka na kumuua Sarah Everard. Uchunguzi ulioongozwa na Lady Angiolini, ripoti yake ikitoka Februari 2024, ulikuta kwamba ishara zilikuwapo, kwamba lalamiko la 2015 la mtu kujianika uchi halikufuatwa ipasavyo, na kwamba mtu huyo hakustahili kuajiriwa. Alihama na faili lisilosema kitu. Uingereza tangu Desemba 2017 wana orodha ya waliofukuzwa ili asiondoke mtu kwa mlango wa mbele akaingia kwa jirani, lakini orodha humshika aliyefukuzwa, si ambaye hakuna aliyemgusa.

Marekani ndiko kwenye mfano unaoniuma zaidi mimi mtu wa rejista. Nchi ile ina idara za polisi zipatazo 18,000, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine ni jambo la kawaida kabisa. Timothy Loehmann alikuwa polisi wa mji mdogo wa Independence, Ohio. Wakubwa wake waliandika kwamba hafai kushika silaha, akaachwa ajiuzulu mwishoni mwa 2012. Cleveland, jirani pale, wakamwajiri 2014 bila kulifungua faili hilo. Novemba mwaka huohuo alimpiga risasi Tamir Rice, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa na bunduki ya kuchezea. Cleveland walimfuta kazi 2017, na sababu waliyoitoa ilikuwa kwamba hakusema kweli katika fomu ya maombi. Karatasi ilikuwako. Ilikuwa katika ofisi ya mji wa jirani. Kwa hiyo ukiletewa fomu yenye swali "umewahi kuadhibiwa?", jaza ukweli wote, hata lile onyo la 2009 la kuchelewa zamu. Onyo dogo lililotajwa humezwa. Lililofichwa likafumuka huitwa uongo, na hilo ndilo linalofukuza.

Kuhusu walinzi wa pwani: sheria yao ni ya 2018, na huduma ilizinduliwa Liwatoni, hapa Mombasa, Novemba ya mwaka huo. Si idara ya polisi na haiko chini ya Inspekta Jenerali. Kazi ni uvuvi haramu, magendo, uchafuzi wa bahari, uokoaji. Kabla hujakubali, uliza swali moja: unaazimwa au unahamia moja kwa moja? Ukiazimwa, faili lako linabaki polisi, na zamu ya vyeo ikifika utakuwa mbali na macho. Ukihamia, unaanza kupangwa na watu wasiojua ulichofanya. Yote mawili yana watu wake. Na jua kuogelea, jamani. Nimeulizwa na mtu asiyejua.

Pensheni inawatia watu hofu kupita kiasi. Tangu Januari 2021 kuna mpango wa kuchangia, mtumishi 7.5% na serikali 15%, na michango inabaki ni yako. Kuhama ndani ya Huduma ya Taifa ya Polisi hakukati miaka yako.

Kinachopuuzwa kuliko vyote ni makabidhiano. Afisa mwenye kesi mahakama ya Shanzu au mahakama kuu za mjini akipata uhamisho, hufikiria lori la vyombo na shule ya watoto. Silaha atairudisha kwa sababu bila sahihi ya mtu wa ghala haondoki. Lakini vielelezo? Simu ya mshukiwa iliyo kwenye bahasha ndani ya kabati lake, kisu alichokiweka droo ya chini akingoja mkemia wa serikali? Kila kimoja kiingizwe katika rejista ya vielelezo, kisomwe mbele ya anayekipokea, atie sahihi na tarehe, nawe upige picha ukurasa huo. Mwachie mwendesha mashtaka nambari ya simu inayopatikana na jina la kituo uendacho, kwa sababu wewe bado ni shahidi hata ukiwa Moyale. Usipofanya hivyo, siku utakapoitwa wakili wa mshtakiwa hatakuuliza juu ya wizi. Atakuuliza ufunguo wa kabati ulikuwa na nani tangu ulipoondoka.