Je, wajua? Vigae vya usoni havimfichi shahidi

Kibarua wa shamba la kahawa anaeleza alivyodhulumiwa ujira, uso wake kwenye video umefunikwa vigae, yaani miraba ya rangi ya kuficha sura. Hata sisi tunaotengeneza makala za uchunguzi, wengi tuliamini vigae vimefuta sura. Havijafuta.

Kila kigae ni wastani. Programu huchukua, tuseme, pikseli (nukta za picha) 16 kwa 16, yaani 256, ikabakiza rangi moja. Ni kama debe la kahawa mbivu: ukiambiwa wekundu wa debe zima, huwezi kuchora punje mojamoja. Kweli kabisa, na hapo ndipo tulipojidanganya, maana anayemsaka shahidi hahitaji kuchora. Ana picha za vibarua 40. Anaziwekea zote vigae vilevile, kisha anatazama ipi inalingana. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliifundisha kompyuta kazi hiyo, ikaiweza. Ni kweli picha zao zilikuwa za watu waliokwisha kuorodheshwa. Asiye kwenye orodha hapatikani. Lakini shambani orodha ni fupi.

Video huongeza balaa. Kichwa kikitikisika, kila fremu (picha moja ya video), 25 kwa sekunde, huchota wastani mpya. Ni kama ua wa mabua: simama mbele yake, huoni kitu. Upite haraka, uwanja wote unajitokeza. (Video iliyobanwa sana ili faili liwe dogo hupoteza sehemu ya siri hiyo. Usiitegemee.)

Kwa hiyo shahidi hufichwa kabla ya kurekodi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha hadi 2015, iliwaita mashahidi wa kulindwa kwa herufi, pazia likiwakinga na macho ya watazamaji.

Nasi tuna pazia letu. Mketishe mbele ya dirisha lenye pazia jeupe, bila taa upande wa kamera, kamera uipimie mwanga wa pazia. Zima otomatiki ya mwanga, la sivyo kamera itaona uso ni mweusi na kuung'arisha. Kisha jaribu mwenyewe: kwenye kompyuta, ng'arisha sehemu za giza (vivuli) mpaka mwisho. Pua ikijitokeza, rudia. Pazia lisiachwe wazi, maana kwenye Kilimanjaro kilele cha Mawenzi kikionekana kulia kwa kile cha Kibo, kila mtu wa Moshi anajua mmekaa upande wa kusini wa mlima.

Sauti nayo? Ukiishusha nusutoni 4 (hatua ndogo za muziki), mwingine ataipandisha 4. Tena kushusha hakuondoi lafudhi: mtu wa Rombo hubaki Mrombo hata akinguruma. Mpe mtu mwingine ayasome maneno yaleyale, na useme hivyo kwenye skrini.