Je, wajua kwa nini kipima mionzi hakichukui nafasi ya daftari la vyanzo vya mionzi, yaani vitu vyenye mionzi vilivyopo kazini?

Kitu chenye mionzi kikipotea kazini, wengi hudhani utazunguka na kipima mionzi mpaka kilie. Kwa vitu vingi vidogo, hakilii. Kibao cha mlango wa dharura kinachong'aa gizani bila umeme kina vijibomba vya kioo vyenye gesi ya tritiamu (haidrojeni yenye mionzi), na mionzi yake ni hafifu hata kioo hicho haikipenyi. Nikeli-63, nikeli yenye mionzi iliyo ndani ya kigunduzi cha mashine ya kromatografia ya gesi (mashine ya maabara ya kutenganisha na kupima kemikali), ni hivyohivyo: mara nyingi ni megabekereli 370 au 555 (bekereli ni kipimo cha kiasi cha mionzi; mega ni milioni, kilo ni elfu), lakini ganda la chuma huizuia yote. Pitisha kipimaji juu yake, kitasoma mionzi ya kawaida ya mazingira tu. Kinachojua kuwa imo humo ni daftari.

Kila chanzo huandikiwa aina yake, namba iliyochongwa kwenye ganda, mahali kilipo, mtunzaji wake, na kiasi cha mionzi pamoja na tarehe ya kiasi hicho. Tarehe ndiyo husahauliwa, ingawa mionzi hupungua kadiri muda unavyopita. Seziamu-137 ya kilobekereli 370 hubaki kama 185 baada ya miaka 30. Poloniamu-210, inayowekwa kwenye vifaa vya kuondoa umeme tuli, hupungua nusu kila siku 138. Mwaka ukiisha imebaki asilimia 16 hivi.

Siku ya kuhesabu, anza na kifaa: soma namba yake, ndipo uitafute daftarini. Ukianza na daftari utaweka tiki kwa mazoea, na kilichoingia bila kuandikwa hutakiona kamwe. Kisha futa ganda kwa karatasi ya chujio, karatasi ipimwe maabara. Marekani, ikikutwa na bekereli 185 au zaidi, chanzo kinahesabiwa kuwa kinavuja na hutolewa kazini.

Lebo hufunikwa na rangi, vyumba hubadilishwa majina, hayo hurekebishika. Balaa ni mashine kuuzwa chuma chakavu na chanzo chake kikiwa ndani. Mwaka 1983, Ciudad Juárez nchini Meksiko, kobalti-60 ya mashine ya tiba iliyokuwa imelala stoo ilifika kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ikayeyushwa ikawa nondo na miguu ya meza. Kile kilikuwa chanzo kikubwa, ila mlango kilichotokea ni uleule. Fomu ya kuondoa mali isipite bila sahihi ya mtunza daftari, na kigunduzi chenye chanzo king'olewe kizima, bila kufunguliwa, kirudishwe kwa mtengenezaji. Stakabadhi ya kukipokea ndiyo inayofuta mstari wake daftarini.