Mbwa akila chakula chenye shaka, usisubiri dalili

Mwenye mbwa anapotupigia simu kwa sababu mbwa wake amekula kitu kibaya, swali lake la kwanza huwa ni dawa gani ampe. Sisi tunaomtibu tunahitaji kwanza kujua amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na uzito wake ni kilo ngapi. Chakula hukaa kwenye tumbo la mbwa kwa muda kabla sumu yake haijaingia yote katika damu, na katika muda huo, ambao kwa kawaida ni kama saa 2, daktari wa mifugo anaweza kumtapisha kwa sindano na kuondoa sehemu kubwa ya alichokula. Muda huo ukipita, kazi yetu hubaki kuyapambania maini, figo, moyo au damu ambavyo tayari vimeguswa na sumu. Kwa hiyo mbwa aliyekula kitu chenye shaka, lakini bado anakimbia uani na kutikisa mkia, ndiye hasa tunayeomba aletwe mapema.

Hatua ya kwanza ni kumwondoa mbwa penye chakula hicho, pamoja na mbwa wengine na watoto. Kisha kusanya kilichobaki, yaani karatasi, kopo, mfuko au masalia ya chakula chenyewe, na kama ametapika, chukua kiasi cha matapishi katika mfuko wa plastiki safi huku umevaa glavu au umefunika mkono kwa mfuko mwingine. Andika saa, piga picha ya maandishi ya pakiti kwa simu, halafu mpigie daktari wa mifugo kabla ya kuanza safari ili akueleze kama umlete mara moja na aandae anachohitaji. Kama hujui uzito wa mbwa, panda mzani ukiwa umembeba, kisha utoe uzito wako.

Yapo mambo ambayo watu huyafanya kwa nia njema nasi tunaomba yaachwe. Maziwa hayaui sumu. Baadhi ya sumu huyeyuka katika mafuta na hufyonzwa vizuri zaidi zinapochanganyika na maziwa yenye mafuta. Mafuta ya kula yanayomiminwa kwa nguvu katika kinywa cha mbwa anayehangaika huweza kupita njia ya hewa na kuingia mapafuni, na nimonia inayofuata mara nyingine huwa mbaya kuliko sumu yenyewe. Maji ya chumvi ni hatari zaidi, kwa kuwa chumvi nyingi katika damu huvuruga ubongo na kuleta degedege, na tumewahi kumtibu mbwa kwa ajili ya chumvi aliyonyweshwa kuliko kwa ajili ya kile alichokula. Mkaa wa jikoni uliotwangwa nao si ule mkaa wa dawa tunaoutumia hospitalini, ambao hutengenezwa maalumu ili uwe na uwezo mkubwa wa kunasa sumu. Wala usimtapishe mwenyewe, hasa ikiwa amekula kitu chenye ncha kama kijiti cha mishkaki, amekunywa mafuta ya taa au kemikali inayounguza, au tayari amelegea, kwa maana kinachorudi kinaweza kuchana, kuunguza au kuziba njia ya hewa.

Kuna tahadhari moja ambayo katika nchi zetu haipaswi kusahaulika. Mbwa anayetokwa na mate mengi, anayepepesuka au kushindwa kumeza anaweza kudhaniwa amekula sumu, kumbe ana kichaa cha mbwa. Kama hakuna aliyemwona akila chochote, na hasa kama hana chanjo, usimtie mkono kinywani hata kidogo. Mfungie mahali pamoja bila kumshika, kisha toa taarifa kwa daktari au ofisa mifugo. Aliyeng'atwa, au aliyeguswa na mate hayo kwenye jeraha, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo.

Miongoni mwa vyakula vya nyumbani, kinachotushughulisha sana ni kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, viwe vibichi, vimekaangwa au vimekaushwa, vina viambata vinavyoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kwa mbwa wa kilo 10, gramu 150 za kitunguu maji, ambazo ni sawa na kitunguu kimoja kikubwa, zinatosha kuleta madhara, na kiasi kidogo kidogo kinacholiwa kila siku katika mabaki ya rosti nacho hujumlishana. Ugumu ni kwamba dalili huchelewa kwa siku kadhaa: mbwa huanza kuchoka, hupumua haraka, ufizi wake hupauka na mkojo hugeuka rangi ya kahawia, na wakati huo mwenyewe ameshasahau sufuria ya pilau aliyomwachia airambe siku ya sikukuu.

Pilau hiyo mara nyingi huwa na zabibu kavu pia. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuziharibu figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachoweza kusemwa kwa uhakika kuwa ni salama, kwa sababu mbwa mmoja hula nyingi asidhurike na mwingine huugua kwa chache. Tunaliona hili kuwa jambo la kuzingatiwa zaidi katika maeneo kama Dodoma, ambako mizabibu hustawi karibu na nyumba. Chokoleti hudhuru kutegemea wingi wa kakao: gramu 100 za chokoleti nyeusi zinaweza kuuvuruga moyo wa mbwa wa kilo 10, wakati kiasi hicho hicho cha chokoleti ya maziwa kwa kawaida huishia kwenye kutapika, kuharisha na mahangaiko. Zilitoli, sukari mbadala iliyomo katika baadhi ya bazoka na dawa za meno zisizo na sukari, hushusha sukari ya damu ya mbwa pengine ndani ya nusu saa, na huyo asisubirishwe hata kidogo. Unga wa maandazi uliotiwa hamira huendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe.

Sumu ya panya iliyopakwa kwenye dagaa au mkate ni suala la namna yake. Aina nyingi huzuia damu kuganda, na mbwa huonekana mzima kwa siku 3 hadi 5 kabla ya kuanza kutokwa damu. Tiba yake, vitamini K1, hufanya kazi vizuri sana ikianza mapema, lakini huendelea kwa wiki kadhaa, na kuikatiza kwa kuwa mbwa amechangamka ni kumrudisha hatarini. Pakiti ya sumu iletwe, kwa maana zipo aina nyingine zenye tiba tofauti kabisa.

Hatari ambayo haiji ghafla, nayo imezoeleka mno, ni ya mahindi yenye ukungu. Unga au pumba ambayo familia imeikataa kwa harufu au rangi yake hutengwa iwe ya mbwa, ilhali mbwa ni mmoja wa wanyama wanaodhurika upesi na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu huo. Kuchemsha ugali hakuiondoi sumu hiyo, na mahindi yanaweza kuwa nayo bila ukungu kuonekana kwa macho. Huishambulia ini: mbwa huacha kula, hutapika, macho na ufizi huwa vya manjano, na kinyesi huwa na damu. Nchini Kenya mbwa wengi walikufa kwa sumukuvu mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini humo kwa kula mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Mwaka 2016 iliua watu pia katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kwa sababu hiyo, mbwa wanaolishwa kutoka gunia moja wakiugua au kufa kwa pamoja, unga uliobaki usipewe kuku wala ng'ombe, kwani sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa, na familia iache kula mahindi ya ghala hilo. Chukua sampuli kutoka sehemu mbalimbali za gunia, uiweke katika mfuko wa karatasi mahali pakavu, kisha uikabidhi kwa daktari wa mifugo ili ipelekwe maabara. Mbwa aliyekufa asizikwe kabla daktari hajaelezwa, kwa kuwa ini lake linaweza kuchunguzwa.